Elimu ya Magonjwa Ikifungwa na Ikifunguliwa

Labda wewe ni mmoja wa wale wanaouliza mlangoni pa chumba cha watoto: "Zamani mtoto akishikwa na malaria kali mlimtia kinini ndani ya serumu. Siku hizi mnampiga sindano nyingine. Je, kinini kimekuwa kibaya? Au mmeishiwa?" Swali hili ni zuri, wala mtu asione haya kuliuliza. Tutalijibu kwa urefu kidogo, kwa maana jibu lake halihusu kinini peke yake.

Kinini hakikuwa kibaya. Kiliponya watu wengi sana, na hata leo kina kazi yake pahali ambapo dawa nyingine haipo. Lakini watu walitaka kujua kama iko dawa inayokishinda. Basi wachunguzi walikwenda katika nchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa mojawapo. Walichukua watoto 5,425 wenye malaria kali, wakawagawanya sawasawa na kupiga kura: nusu wakapewa kinini, nusu wakapewa artesunati. Hakuna aliyechagua kwa kumpenda huyu au yule, maana ukichagua unaharibu hesabu. Mwisho wake walikuta hivi: katika kila watoto 100 waliopewa kinini, karibu 11 walikufa; katika kila watoto 100 waliopewa artesunati, walikufa 8 au 9. Mtu anaweza kusema tofauti ni ndogo. Mzazi wa mtoto aliyeokoka kwa tofauti hiyo hatasema hivyo.

Habari hiyo ilipigwa chapa mwaka 2010 katika gazeti la wanganga la Uingereza liitwalo The Lancet, na karatasi ile iliwekwa wazi, kila mtu aisome bila kulipa. Mwaka 2011 OMS, ndiyo Shirika la Afya la Dunia, ikaagiza kwamba kwa watoto wenye malaria kali artesunati itangulie. Ndivyo sindano ya mtoto wako ilivyobadilika.

Gazeti la wanganga ni kitu gani?

Hapa hatusemi juu ya gazeti la siasa na michezo. Wanganga na wachunguzi wana magazeti yao. Mtu akichunguza ugonjwa fulani anaandika yote: alichukua wagonjwa wangapi, aliwapa nini, wangapi walipona, wangapi walikufa. Kisha anapeleka maandiko yake kwa wakubwa wa gazeti, nao hawayapigi chapa mara moja. Wanawapa watu wengine wenye elimu ya ugonjwa ule wayasome na kutafuta makosa. Hesabu ikiwa mbaya, yanarudishwa. Ikiwa nzuri, yanapigwa chapa, na tangu siku ile wanganga wa dunia wanaweza kuyategemea, au kuyabishia.

Sasa angalia nani ametoa nini. Mgonjwa alitoa damu yake, na pengine alilala hospitalini siku zaidi kwa ajili ya vipimo. Serikali au shirika la wema lilitoa fedha. Aliyeandika halipwi na gazeti. Waliosoma ili kutafuta makosa, mara nyingi nao hawalipwi. Lakini yule anayetaka kusoma ndiye anayedaiwa! Karatasi moja ya kurasa 8 au 10 huuzwa mara nyingi dola 30 hadi 50, na gazeti zima kwa mwaka mzima laweza kufika maelfu ya dola. Sisemi kwamba wenye kupiga chapa hawana kazi. Wana watumishi wa kulipa, na mashini, na nyumba. Lakini mwuguzi wa kituo cha afya, ambaye mshahara wake mwenyewe haufiki kila mwezi, atanunuaje karatasi ambayo hajui bado kama ndani yake mna jibu la mgonjwa wake?

Tena huwezi kujua kwa kutazama nje. Wanakuonyesha kichwa cha maneno, pamoja na mistari michache ya kufupisha habari, basi. Ni kama kuonyeshwa jina la dawa bila kipimo chake. Na mwuguzi anayejua jina la dawa bila kujua kipimo chake ni mtu wa hatari.

Habari ya Liberia

Mwishoni mwa mwaka 2013 Ebola ilianza Guinea, na mwaka 2014 ikaingia Liberia. Watu wa Liberia hawakuitambua. Wanganga wao walifundishwa kwamba Ebola ni ugonjwa wa Kongo na nchi za jirani zake, si wa upande wa magharibi. Waliona homa, kutapika na kuhara, wakafikiri ni malaria, au homa ya Lassa ambayo waliijua. Wauguzi waliwashika wagonjwa kwa mikono mitupu, na wengi wao wakafa. Kabla ugonjwa haujaisha mwaka 2016, katika Guinea, Liberia na Sierra Leone watu zaidi ya 11,000 walikuwa wamekufa. Katika hao, zaidi ya 4,800 walikuwa wa Liberia.

Basi mwezi wa nne wa mwaka 2015 mkubwa wa wanganga katika wizara ya afya ya Liberia, Bernice Dahn, pamoja na wenzake wawili, waliandika katika gazeti la habari The New York Times jambo lililoshtua watu. Walisema kwamba iko karatasi iliyopigwa chapa mwaka 1982 katika gazeti la Ulaya, Annals of Virology. Wachunguzi wa Ulaya walikuwa wamepima damu ya watu wa Liberia, wakakuta ndani yake alama za Ebola. Nao waliandika kwamba Liberia ihesabiwe pamoja na nchi ambamo Ebola inakaa, na kwamba wanaotibu wagonjwa huko wafikiri juu yake. Miaka 32 kabla ya msiba ule!

Damu ilitoka Liberia, lakini maneno yalibaki Ulaya. Hapakuwa na Mliberia hata mmoja kati ya walioandika. Tena Dahn na wenzake walisema kwamba kununua mojawapo ya karatasi za namna hiyo kungemgharimu munganga wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wa juma.

Je, kama karatasi ile ingalikuwa wazi, watu wale wasingalikufa? Hakuna awezaye kuapa. Karatasi yaweza kuwa wazi na bado isisomwe na mtu. Liberia nayo ilipita katika vita vya miaka mingi, hospitali zikabomoka, wanganga wakakimbia. Lakini mwuguzi aliyefundishwa kwamba ugonjwa fulani unaweza kuwapo katika nchi yake huvaa mipira ya mikono mapema, na humtenga mgonjwa mapema. Wale wa Liberia walinyimwa hata kujua kwamba waliwahi kuonywa. Mimi naliona jambo hili kuwa la aibu, na sioni neno jepesi zaidi la kuliita.

Mtoto na serumu ya mbio

Habari ya pili itawagusa wazazi wengi, maana karibu kila juma tunabishana nao kwa upole juu yake. Mtoto analetwa na homa kali. Mikono na miguu yake ni ya baridi, anapumua kwa shida, hata kulia haliĺi tena. Mama mkubwa aliyemleta anasema: "Mtieni serumu, mwifungulie ishuke mbio!" Kwa watu wetu wengi serumu ndiyo matibabu yenyewe. Asiyetundikiwa chupa anadhani hajatibiwa.

Msimcheke mama huyo. Vitabu vya wanganga viliagiza hivyohivyo kwa miaka mingi: mtoto ambaye damu yake haitembei vizuri atiwe maji mengi katika mshipa, upesi. Ilionekana kuwa ni akili, na katika nchi tajiri ilifanywa kila siku. Lakini hapakuwa na mtu aliyepima sawasawa ikiwa inawafaa watoto wa Afrika wenye homa kali, katika hospitali isiyo na mashini ya kumsaidia mtoto kupumua.

Ndipo uchunguzi ukafanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na munganga Kathryn Maitland aliyefanya kazi Kilifi. Nyingi za hospitali zenyewe zilifanana na zetu: Kilifi, Teule kule Muheza, Mbale, Soroti, na Lacor ya misheni Katoliki kaskazini ya Uganda, pamoja na Mulago, iliyo kubwa. Watoto zaidi ya 3,100 wakagawanywa katika mafungu 3. Fungu moja walipewa maji ya chumvi mbio katika mshipa. Fungu jingine walipewa maji mengine ya thamani, yenye albumini, nayo mbio. Fungu la tatu hawakupewa maji ya mbio hata kidogo. Walipewa polepole, kwa kipimo cha kila siku tu. Mambo mengine yote yalikuwa sawa: dawa, oksijeni, na damu kwa aliyepungukiwa.

Wengi walitazamia kwamba fungu la tatu ndilo litakalopata hasara. Ikawa kinyume. Baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya mbio, karibu 11 walikuwa wamekufa. Katika kila watoto 100 wa fungu la tatu, walikufa 7. Mwanzoni mwa mwaka 2011 uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa maana haikuwa haki kuendelea kuwapa watoto maji yale. Mwezi wa tano wa mwaka ule habari zikatoka katika gazeti la Marekani, The New England Journal of Medicine.

Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Hapa si dawa mpya ya bei kali. Si mashini. Ni kuacha kufanya jambo moja. Hospitali iliyo maskini kuliko zote yaweza kuacha, bila franga hata moja, siku ileile inaposikia. Inatakiwa isikie tu. Gazeti lile huwafungulia wanganga wa nchi maskini mlango wao bila malipo, na kwa ajili hiyo munganga wa Kongo au Uganda aliweza kuisoma karatasi yote pamoja na mwenzake wa Boston: watoto gani walichukuliwa, maji kiasi gani, kwa saa ngapi.

Na kiasi hicho ndicho jambo lenyewe! Aliyesikia habari kwa juujuu angeweza kurudi nyumbani akisema, "Serumu ni sumu, mtoto asipewe tena." Hiyo ingekuwa hatari kubwa. Aliyesoma yote aliona kwamba watoto wa kuhara waliokauka maji hawakuwamo katika uchunguzi ule, wala walioungua, wala wenye utapiamlo mkali. Basi usichanganye. Mtoto wa kuhara anahitaji maji, tena sana: kwanza kwa mdomo, ule unga wa pakiti unaochanganywa na maji safi, ambao hapa tunauita SRO, na akishindwa kunywa, ndipo munganga aamue kumtia katika mshipa.

Lakini nisiwadanganye kwamba karatasi ikiwa wazi kazi imekwisha. Wanganga wengi hawakuamini, wakabisha miaka mingi. Maagizo mapya ya OMS yaliyogusa jambo hili yalitoka mwaka 2016, ndiyo miaka 5 baadaye. Mtu aliyezoea kufungua serumu kwa miaka 20 haachi kwa kusoma mara moja, wala mama mkubwa wa mtoto hamruhusu kuacha. Kwa hiyo siku ile mwuguzi atakaposema, "Tunampa polepole," usidhani ni uvivu au kwamba anangoja kitu mkononi.

Ebola ya kwetu

Sisi watu wa Kongo tunajua Ebola kuliko wengine. Ilipoonekana kwetu mara ya kwanza, mwaka 1976, ilikuwa Yambuku, katika hospitali ya misheni Katoliki. Watu 318 walishikwa, na 280 wakafa. Taarifa yake ilipigwa chapa mwaka 1978 katika gazeti la OMS, na hata leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma bila kulipa. Mwuguzi akiisoma haisahau. Imeandikwa wazi kwamba kila asubuhi sindano 5 zilitolewa kwa kazi ya siku nzima, zikasuuzwa tu katika maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Katika watumishi 17 wa hospitali ile 11 walikufa. Watu wale hawakuwa wabaya; walikuwa na sindano chache na wagonjwa wengi. Basi ukimwona mwuguzi wetu akivunja pakiti mpya ya sindano mbele ya macho yako, na kuitupa sandukuni baadaye, ujue kwamba desturi hiyo ilinunuliwa kwa thamani.

Munganga wa Kongo aliyetumwa Yambuku siku zile, Jean-Jacques Muyembe, alitumikia pia Kikwit mwaka 1995, Ebola ilipowaua watu karibu 250. Kutoka kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit wachunguzi walichukua damu miaka 11 baadaye, wakakuta bado ina askari wa kupigana na Ebola. Kwa mfano wa askari hao walitengeneza dawa. Kisha Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2018, dawa 4 zilishindanishwa kwetu, katika Beni, Mangina, Katwa na Butembo, kwa wagonjwa 681. Wachunguzi wa Kongo walikuwa wenye kazi pamoja na wageni, na jina la mmoja wao limetangulia katika karatasi iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2019. Dawa ile ya damu ya Kikwit ilikuwa mojawapo ya mbili zilizoshinda: katika kila wagonjwa 100 walikufa 34 au 35, ambapo kwa dawa nyingine mbili walikufa karibu 50 au zaidi. Waliofika mapema, ugonjwa ukiwa bado mchanga, wengi sana walipona.

Walipojua hivyo, tangu mwezi wa nane wa mwaka 2019, hawakungoja kupiga chapa. Walitangaza mara moja, wakaacha kutoa zile mbili zilizoshindwa. Kabla ya hapo wengi wa Beni na Butembo walikuwa wakisema kwamba nyumba ya Ebola ni pahali pa kufia. Sasa wenye kufundisha vijijini walikuwa na neno la kuwajibu, nalo lilikuwa hesabu, si ahadi tupu. Pamoja na hayo watu 2,287 walikufa katika ugonjwa ule kabla haujaisha mwaka 2020. Kujua dawa si kuwa nayo. Dawa hizo mbili ni za bei kali, hazikai katika famasi ya kijiji, na hospitali haziwezi kuzitengeneza hata zikisoma karatasi mara mia.

Milango iliyofunguliwa

Mwaka 2000 Wamarekani walifungua nyumba kubwa ya maandiko katika intaneti, PubMed Central, ambamo karatasi za magonjwa zinawekwa, kila mtu azisome bila malipo. Mwaka 2002 OMS pamoja na wenye kupiga chapa walianzisha mpango uitwao Hinari: hospitali na shule za nchi maskini zinajiandikisha, na kusoma maelfu ya magazeti ambayo wengine wanayalipia. Kongo imo katika fungu la nchi zisizolipa kitu. Mwaka uleule likaanza Malaria Journal, gazeti la malaria lisilo na mlango wa kufungwa hata siku moja. Na tangu mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamuru kwamba uchunguzi wa magonjwa unaolipwa na fedha ya taasisi zake kubwa za afya uwekwe wazi, kwanza ndani ya miezi 12, na tangu mwezi wa saba wa mwaka 2025 bila kungoja.

Kuna shida nyingine iliyozaliwa hapo. Magazeti mengi sasa hayamdai msomaji, yanamdai mwandishi, tena maelfu ya dola. Wachunguzi wa Kongo husamehewa mara nyingi, kwa sababu nchi yetu imeandikwa katika orodha ya maskini. Ni faida ambayo mtu hafurahi sana kuipata.

Kwa hospitali ndogo kama yetu, faida kubwa imetoka katika vitabu vilivyo wazi kuliko katika magazeti. Kitabu cha matibabu cha Médecins Sans Frontières kinapatikana bure kwa Kifaransa, tena katika simu, na mwuguzi anaweza kukisoma hata pahali pasipo na mtandao. Maagizo ya OMS yako bure. Na kwa lugha yetu kuna Mahali Pasipo na Daktari, kitabu alichokianza David Werner milimani kule Mexico. Wenye kitabu hicho wanaruhusu watu wakinakili na kukibadilisha kwa mahitaji yao, mradi wasikifanye biashara ya faida. Wengi wenu mmekiona katika nyumba za wachungaji, kurasa zake zikiwa zimekwisha kuchakaa. Kitabu kisichochakaa hakimsaidii mtu.

Lugha bado ni ukuta. Karatasi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na wauguzi wetu wamesomea Kifaransa. Mlango uko wazi, lakini ndani wanasema lugha ya wengine. Mashini za kutafsiri zinasaidia, ila mtu asiziamini kwa kipimo cha dawa pasipo kuangalia tena kwa macho yake. Juu ya hayo umeme hukatika, na fedha ya mtandao huisha katikati ya ukurasa.

Si kila karatasi ni ya kweli

Mlango ukifunguliwa, mbuzi wa jirani naye huingia. Wako wenye magazeti ya uongo, ambao huchapa lolote kwa yeyote atakayelipa, pasipo mtu wa kutafuta makosa. Tena ziko karatasi zinazotangazwa kabla hazijachunguzwa na wengine. Wakati wa Covid hizo zilikuwa nyingi. Nyingine zilileta wema mkubwa. Mwezi wa sita wa mwaka 2020 wachunguzi wa Uingereza walitangaza upesi kwamba deksametazoni, dawa ya bei rahisi iliyo katika kabati karibu kila hospitali, inapunguza vifo vya wagonjwa wa Covid wanaohitaji oksijeni. Lakini karatasi ileile ilionyesha kwamba haikumsaidia mgonjwa asiyehitaji oksijeni. Waliosoma nusu walikwenda kuinunua sokoni na kuimeza nyumbani kwa mafua.

Mwaka huohuo ikatoka karatasi nyingine iliyosifu ivermektini, dawa ile mnayoijua, ambayo mgawa dawa huwapimia kwa fimbo ya urefu kwa ajili ya upofu wa mtoni. Ilisema inaponya Covid kwa ajabu. Mwezi wa saba wa mwaka 2021 karatasi hiyo iliondolewa, kwa kuwa hesabu zake zilishukiwa. Sasa angalia: kwa kuwa ilikuwa wazi, watu wengi waliidanganyikia, na kwa kuwa ilikuwa wazi, watu wengine waliweza kuhesabu tena na kukuta kasoro. Karatasi ya uongo iliyofungwa kabatini ingeweza kukaa miaka.

Kwa hiyo habari ya dawa ikikufikia kwa simu, uliza: Nani aliyepima? Kwa watu wangapi? Waliwalinganisha na nani? Kama habari inasema tu kwamba "profesa mmoja" ameona ajabu, na mwisho wake umeambiwa uwatumie watu 10, hiyo haihitaji munganga kuijibu.

Wakikuomba damu

Siku moja huenda watu watakuja katika kijiji chako au kando ya kitanda chako, wakisema wanafanya uchunguzi, wanaomba damu kidogo, au kukupa dawa inayojaribiwa. Usikimbie. Artesunati ya mtoto wako ilipatikana kwa sababu wazazi wa watoto 5,425 walikubali. Lakini usitoe mkono kabla hujauliza.

Uliza ni ugonjwa gani wanaoutafuta, na ni mamlaka gani iliyowapa ruhusa. Karatasi ya ruhusa ionyeshwe kwa munganga wa hospitali. Uliza kama unaweza kukataa na bado ukatibiwa. Jibu la haki ni ndiyo, na akisema vinginevyo mazungumzo yamekwisha. Uliza damu itakwenda wapi, itakaa kwa nani, na kama wataipima kwa jambo jingine baadaye bila kurudi kwako.

Kisha uulize swali ambalo watu wachache hulifikiri: Mtakapojua, mtaandika wapi? Je, hospitali hii itaweza kusoma bila kulipa? Kati ya watakaoandika, Wakongo wamo? Nani atarudi kutuambia, na kwa lugha gani? Mchunguzi mwenye nia njema hatakasirika kwa maswali haya. Wengi wao wanayafurahia, na wengine wanayo majibu tayari katika barua ya ruhusa. Asiye na jibu, mwambie angoje kwanza. Uje utuite katika ofisi ya wauguzi, mlango wa pili kutoka famasi, hata ikiwa ni usiku, nasi tutakaa naye pamoja nawe mpaka karatasi yote isomwe kwa sauti.